Vumbi la Dhahabu la Zebedayo wa Pongwe

Mkonge ulikuwa bado unawanenepesha wenye mashamba na kuwakondesha wakataji wakati Zebedayo alipoacha kazi na kujenga nyumba yake Pongwe, kando ya barabara ya Muheza. Alikuwa Mshambaa wa milimani, Mlutheri wa kuzaliwa, mwenye sauti nene aliyoitumia kanisani kuwafunika waimbaji wenzake na nje ya kanisa kuwafunika watu wengine wote. Kazi yake ya maisha ilikuwa unyapara wa kitalu. Alisimamia wanawake waliopalilia miche ya mkonge, na kwa kuwa mkonge ni mmea usioomba ushauri wa mtu, ulistawi, naye akaamini umestawi kwa sababu yake.

Siku ya kuondoka, meneja wake, Mgiriki mmoja aliyekuwa akisafisha kabati, alimpa kioo cha kukuzia chenye mpini wa pembe uliopasuka. Asingempa, angekitupa. Zebedayo alikipokea kama mtu anayetawazwa. Akakishonea mfuko wa kitambaa, akakitundika shingoni, na tangu siku hiyo hakutazama kitu kwa macho matupu ikiwa palikuwa na mtu wa kumwona akitazama. Alikagua mayai. Alikagua vidonda vya watu. Alikagua hata samaki wa mkewe kabla hawajaingia chunguni, akatoa hukumu kwamba wamekufa.

Mkewe aliitwa Kristina, mwanamke mpole wa maneno, si wa moyo. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Luka, aliyefanya kazi reli huko Korogwe na ambaye hakuja nyumbani mara nyingi, kwa sababu baba yake alikuwa na maoni kuhusu reli.

Nyuma ya nyumba Zebedayo alipanda mchaichai, na hapa ni lazima tumpe haki yake: ulikuwa mchaichai mzuri. Ulimfika mtu kifuani, na ukipita karibu nao tu harufu yake ilikuzibua pua. Watu wa kambi za mkonge waliposhikwa na homa, au kifua, au uchovu ule usio na jina unaompata mkataji siku ya Jumatatu, walikuja kwake kuchukua majani ya kuchemsha na kujifukiza. Zebedayo hakuwa anauza dawa. Alikuwa anapokea. Mtu akija mikono mitupu alipewa majani machache na maneno mengi. Akija na kuku alipewa fungu zima, na maneno vilevile. Kadiri wateja walivyozidi ndivyo alivyozidi kuchomeka mashina mapya katikati ya mashina ya zamani, mpaka kile kishamba kikawa kichaka kimoja ambacho jua halikujua njia ya kuingilia.

Masika ya mwaka wa hamsini na tatu yalikuja mazito. Asubuhi moja Kristina alikwenda kukata majani ya chai, akarudi na mkono mmoja ameuinua mbele yake kama si wake.

“Baba Luka, njoo utazame. Majani yanatoa vumbi.”

“Vumbi la barabarani,” akasema Zebedayo bila kuinuka.

“Mvua imenyesha usiku kucha. Barabara ni tope tupu.”

Akainuka. Kristina akamgeuzia jani moja. Juu lilikuwa na madoadoa ya njano, si ya kutisha. Chini lilikuwa limejaa vipele vidogo virefu, vimejipanga kwa kufuata mishipa ya jani, rangi ya chungwa lililoiva. Alipopitisha kidole, rangi ile ikamjaa kidoleni. Kanga yake nayo ilikuwa na mstari wa rangi ile ile mahali aliposugua majani akipita.

Ilikuwa bahati mbaya kwamba Bi Wanu alikuwa nje wakati huo. Bi Wanu alikuwa jirani wa ubavuni, Mpemba aliyeletwa bara na mumewe Ame, fundi seremala, na kati yake na Zebedayo kulikuwa na ua wa makuti usiofika mabegani. Kwa miaka yote ya ujirani hakuwahi kukubaliana naye hata juu ya hali ya hewa.

“Huo ni ugonjwa, Mzee Zebedayo,” akasema kutoka upande wake. “Kwetu mkarafuu ukitoka madoa twajua.”

Kama Bi Wanu angesema ni dawa, Zebedayo angesema ni ugonjwa, na habari hii ingekuwa fupi. Lakini alisema ni ugonjwa. Zebedayo akatoa kioo mfukoni polepole, akakifuta kwa pindo la shati, akainama juu ya lile jani kwa muda mrefu. Alichokiona ni vumbi lile lile, ila kubwa zaidi.

“Si ugonjwa,” akasema alipojinyoosha. “Ugonjwa huja kutoka nje ukaliuma jani. Hiki kinatoka ndani ya jani. Mchaichai umeshiba mvua, na dawa iliyomo imejaa mpaka inafurika. Hii ndiyo dawa yenyewe, Bi Wanu. Dhahabu ya mchaichai.”

“Na hizi ncha zilizokauka?” akauliza Kristina.

“Zimechoka kubeba.”

Bi Wanu alicheka, lakini aliomba fungu, maana Ame alikuwa kitandani siku ya tatu na homa. Akayachemsha majani yale na vumbi lake, akamnywesha, akamfukiza chini ya blanketi mpaka akaomba kutolewa. Kesho yake Ame aliamka mzima akaulizia randa yake. Homa ya Ame ilikuwa na desturi ya kumwacha siku ya nne kila mwaka, ila safari hii kulikuwa na kitu cha kupewa sifa. Na Bi Wanu, ambaye hangeweza kukubali kwamba ameponyeshewa mume na Zebedayo, alitengeneza habari yake mwenyewe: kwamba yeye ndiye wa kwanza kuliona lile vumbi, na kwamba lau si yeye lingepotea bure. Akaipeleka habari hiyo kisimani, sokoni na kwenye kila msiba.

Ndani ya majuma machache Pongwe nzima ilikuwa inakunywa chai ya rangi ya kutu. Walutheri walikunywa, Wakatoliki walikunywa, na watu wa msikitini walikunywa. Ndilo jambo pekee ambalo watu hao walikubaliana mwaka ule. Abrahamu, mzee wa kanisa aliyekuwa na kikohozi cha tumbaku, alisimama baada ya ibada akashuhudia kwamba kifua chake kimefunguka, akakohoa, akaketi. Watu walitoka Tongoni kwa miguu. Waliopewa majani mabichi safi waliyageuza, wakayasugua, wakaona vidole havikuchafuka, wakayarudisha kama samaki aliyechina na kuanza kunuka.

Wenye mchaichai wao usio na vumbi walikuja kulalamika kwamba wao wamekosa nini. Zebedayo aliwahurumia. Aliwagawia vipando kutoka katika mashina yake yenye dhahabu nyingi kuliko yote, na waliotaka kuiboresha mbegu yao ya zamani aliwafuata nyumbani kwao. Alichukua unyoya wa kuku, akaukung'uta vumbi juu ya majani yao yaliyolowa umande, jani kwa jani, kwa utaratibu aliokuwa akiwafundisha wanawake wa kitalu. Kazi hiyo aliiita kuuamsha mchaichai. Na kweli uliamka. Baada ya siku chache mashina yale yalitoka vipele, na wenyewe walichinja kuku.

Kristina aliacha kuunywa. Hakutangaza. Alinunua tangawizi akawa anatia tangawizi katika chai yake, na mumewe alipomuuliza alisema tumbo.

Mvua zilipopungua dhahabu ilianza kudai malipo yake. Majani yalikauka kuanzia nchani, yakashuka kahawia mpaka shinani, na kile kichaka cha kufika kifuani kikawa kama mafagio ya zamani yaliyosimamishwa ardhini. Kwa majirani ilikuwa vivyo hivyo. Zebedayo alisema dawa imezidi nguvu, jani limeshindwa. Watu waliitikia kwa kichwa, lakini alianza kuona kwamba wanaitikia wakiwa wamesimama mbali kidogo, na kuku walipungua.

Hapo ndipo alipopata wazo ambalo mtu mwenye busara angelala nalo mpaka limpite. Aliamua kumwita bwana shamba. Si kwa kuuliza. Alitaka serikali ije iione dhahabu ya mchaichai, iipe jina lake, na ilete mbolea.

Bwana shamba aliitwa Noa, kijana wa Upare aliyesomea kazi hiyo, mwenye kaptura ya kaki, soksi ndefu na baiskeli ya serikali. Alijua mambo mengi, lakini aliyasema yote kwa mfululizo kama mtu asomaye tangazo, pamoja na kukwama pale ukurasa unapoisha. Alikuja Jumapili baada ya ibada. Zebedayo alikuwa ameazima viti vya misheni na kuvipanga uani, na watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye ua wa makuti, ambapo Bi Wanu alikuwa ameweka kiti chake upande wake mwenyewe, ili asiwe mgeni wa mtu.

“Shikamoo mzee,” akasema Noa.

“Marahaba. Kaa kwanza unywe. Mtu hawezi kuongea juu ya dawa ambayo hajaionja.”

Noa alikuwa amepanda baiskeli kutoka mjini, ana kiu. Alikunywa kikombe. Akapewa cha pili, akanywa, akasema anasikia kifua kinafunguka. Watu wakanong'ona kwa furaha. Zebedayo akamshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba.

Noa aliinama kwenye shina la kwanza, akageuza jani. Akageuza jingine. Akatoa kitambaa cheupe mfukoni, akalipangusa jani upande wa chini, akakitazama kitambaa. Uso wake ulibadilika, na watu walioona walidhani anastaajabu.

“Vipele vilianza upande gani?” akauliza.

“Chini,” akasema Kristina.

“Na juu palikuwa na madoa ya njano kabla?”

“Palikuwa nayo.”

“Hii ni kutu,” akasema Noa.

“Kutu ya nini?” akauliza Zebedayo. “Hapa hakuna bati wala msumari.”

“Kutu ya majani, mzee. Ni kuvu. Inaishi ndani ya jani na kulila, halafu inapasua ngozi ya chini na kumwaga vumbi. Vumbi hilo ndilo mbegu yake. Punje ikitua juu ya jani lililolowa inaota, inaingia ndani, inaanza tena. Inapenda mvua, inapenda mimea iliyobanana, inapenda…” Hapo ukurasa ukaisha, akakwama. Kisha akaona kile kioo shingoni mwa Zebedayo. “Niazime hicho, tafadhali.”

Zebedayo alikivua taratibu. Noa akakiweka juu ya kipele kimoja, akamwita aweke jicho.

“Tazama ukingoni. Ngozi ya jani imepasuka kutokea ndani, imejikunja nje. Hicho ni kidonda. Ingekuwa ni utomvu wa dawa, ungenata. Huu je?” Akalipuliza jani. Vumbi likapaa, likatua kwenye shati jeupe la Jumapili la Zebedayo, kifuani. “Haunati. Unaruka. Unahamia kwa jirani.” Kisha, kwa sauti ya kawaida zaidi, akauliza, “Kwenu milimani, mzee, hamkuwa na kahawa? Kutu hii na ile ya kahawa ni kama ndugu.”

Zebedayo alikuwa bado ameinama na jicho kwenye kioo. Baba yake alikuwa na kahawa. Alipokuwa mtoto alipita kati ya miti ile akitumwa, akatoka na mabega yana rangi ya chungwa, na mama yake akamgombeza kwa nguo. Baadaye majani yalipukutika, baba akakata mashina akayafanya kuni, na hiyo ndiyo sababu Zebedayo aliteremka kutafuta kazi ya mkonge. Alikuwa ameijua rangi ile tangu asubuhi Kristina alipomgeuzia jani. Aliijua, akaipa jina lingine, kwa sababu Bi Wanu alikuwa anatazama.

“Dawa yake ni nini?” akauliza Abrahamu.

“Kukata yote na kuchoma. Kila nyumba. Halafu mpande mbegu safi kutoka mbali, mbalimbali, jua lipite katikati.”

Watu wakaguna. Bi Wanu akasimama kwenye kiti chake ili aonekane vizuri.

“Kama ni ugonjwa, mbona Ame wangu kapona?”

“Na wewe mbona umekunywa vikombe viwili?” Abrahamu akamwambia Noa.

“Kuvu hii hula majani, haili watu,” akasema Noa, lakini mkono wake ulikuwa umekwenda wenyewe kifuani, na watu waliuona.

“Kule milimani walianza hivi hivi,” akasema mtu kwa nyuma. “Serikali ikaja kukagua. Halafu ikaamrisha watu walime matuta ya kuzuia mmomonyoko, wapende wasipende. Leo tuchome dawa, kesho tuambiwe tuhame.” Wengi wakaitikia, hata wale ambao hawakuwa na jembe. Noa akaanza kueleza habari ya matuta, na hapo ndipo alipowapoteza kabisa. Wote wakamgeukia Zebedayo.

“Mzee, wewe ndiye mwenye kioo,” akasema Abrahamu. “Unasemaje?”

Zebedayo alijinyoosha. Kristina alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya vikombe, akimtazama bila kupepesa. Angeweza kusema maneno mawili akamaliza. Lakini kulikuwa na viti vya kuazima, na watu wa Tongoni walikuwepo.

“Bwana shamba amesema kweli,” akasema kwa sauti ile ya kanisani. “Na mimi nilisema kweli. Ilikuwa dhahabu. Ninyi mmeishika vibaya, ndiyo maana imeingia kutu.”

Watu walikuwa wanakaribia kukubali. Ilikuwa kauli nzuri, iliyomwachia kila mtu kitu, isipokuwa ilikuwa ujinga. Bi Wanu akashika sikio lake.

“Mzee Zebedayo, herini hizi nilivishwa na bibi yangu Pemba. Nimeogelea nazo baharini, nimezalia nazo, nimelala nazo miaka yote hii. Dhahabu haiingii kutu.”

Aliyeanza kucheka ni Abrahamu, kicheko kikageuka kikohozi, na hicho kikohozi kikawachekesha wengine zaidi. Noa naye alicheka, na hakuwa na sababu ya kucheka kwa nguvu vile. Zebedayo aliingia ndani akafunga mlango. Muda si mrefu akasikika anaimba besi ya wimbo ambao sauti zake nyingine hazikuwepo.

Kesho yake Kristina alimletea panga na debe la mafuta ya taa.

“Ulijua?” akamuuliza.

“Nilijua kidogo.”

“Kidogo kiasi gani?”

“Kiasi cha kahawa ya baba.”

Walikata pamoja, wakakusanya, wakachoma, na moshi wa mchaichai ukanukia vizuri mpaka barabarani, ukawatia watu njaa ya chai. Wachache walichoma vya kwao. Wengi hawakuchoma, kwa kuwa serikali imesema, na vikafa vyenyewe. Vuli ilipofika hapakuonekana jani la mchaichai Pongwe, na waliopona homa kwa dhahabu waliendelea kusema walipona kwa dhahabu.

Zebedayo alipanda basi akaenda kwa dada yake milimani, akarudi na vipando vilivyofungwa katika majani ya migomba. Kristina ndiye aliyepanga masharti. Zebedayo alipanda kwa nafasi, hakumwagia maji majanini, alivua shati lake na kunawa kabla ya kuingia shambani, akinung'unika kila mara kwamba hata kitalu cha Mgiriki hakikuwa na ukali kama huo. Vilishika vizuri. Hakuna aliyemuuliza habari ya vipando hivyo. Watoto walikuwa wamempa jina la Bwana Kutu, na wazazi wao waliwakataza kwa sauti ya chini.

Siku moja alifika mtu kutoka Moa, Jaku, mvuvi mwenye kanzu nyeupe ya safari, akauliza nyumba ya mzee wa mchaichai wa dhahabu. Sifa zilikuwa zimechukua muda kufika Moa, na aibu ilikuwa bado haijafika. Zebedayo alimkalisha. Akamweleza yote: madoa ya njano, vipele vya chini, ngozi inayopasuka, vumbi linaloruka, kahawa ya baba yake. Alieleza vizuri, bila kioo, kuliko alivyowahi kueleza kitu chochote.

Jaku alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

“Nimekuelewa, mzee,” akasema. “Hutaki kunipa.”

Akaaga. Zebedayo alimwona akisimama barabarani, akamwona Bi Wanu akimwita kwa kidole. Baada ya kitambo Jaku alitoka kwa Bi Wanu na kifurushi kwapani, na ubavu wa kanzu yake nyeupe ulikuwa na mstari wa rangi ya chungwa.

Haukupita muda, Kristina akaona doa la njano kwenye shina lililo karibu na ua wa makuti. Zebedayo aling'oa shina lile kwa mikono yake, akalichoma, kisha akaenda kwa Bi Wanu kwa mlango wa mbele, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla.

“Hodi.”

“Karibu, jirani. Leo umekuja bila kioo?”

“Bi Wanu, nyuma ya bafu lako una shina.”

“Ninalo. Ni langu.”

“Naomba uling'oe. Linamwaga vumbi kwangu.”

Bi Wanu aliketi, akapanga kanga yake. Ame alikuwa uani anapiga randa ubao, hakuinua macho.

“Asubuhi ile ya kwanza mie nilisema nini?” akauliza Bi Wanu. “Sema mbele ya Ame.”

“Ulisema ni ugonjwa.”

“Na ilikuwa nini?”

“Ilikuwa ugonjwa.”

“Sikusikia.”

“Amesikia mtaa mzima,” akasema Ame. “Mpe jembe, tufanye kazi.”

Lakini Zebedayo alirudia, kwa ile sauti yake nene, na wanawake wawili waliokuwa wanapita barabarani na ndoo wakasimama kusikiliza. Bi Wanu akaridhika. Alichukua jembe mwenyewe akaenda nyuma ya bafu, akaling'oa lile shina kwa mapigo machache, akalitupa miguuni mwa Zebedayo, akapangusa mikono kwenye ukuta. Ukuta ukabaki na alama.

“Na yule Jaku?” akauliza Zebedayo.

“Jaku yuko Moa,” akasema Bi Wanu. “Moa ni mbali.”

Zebedayo alifikiria safari ya Moa, na jinsi mtu yule alivyokataa kumwamini wakiwa wamekaa uso kwa uso. Akakubali kwamba ni mbali, akaenda kutafuta kiberiti.